Mali Bila Daftari: Maandiko ya Zamani na Historia ya Watu wa Base ya Kamina



Katika siku za Yubile kila mutu anataka kusimulia. Muzee mumoja anataja padri aliyemufundisha kutumikia Misa, mama mumoja anakumbuka siku kengele iliposikiwa mara ya kwanza, mwingine anahesabu wale waliojenga. Ni vizuri hivyo, maana shukrani bila kumbukumbu ni neno tupu. Lakini mezali ya Waswahili inatuonya: Mali bila daftari hupotea bila habari. Historia yetu nayo ni mali. Wale walioiona kwa macho yao wanapungua kila mwaka, na karatasi zao zinaliwa na muchwa. Ndiyo sababu inafaa, pembeni ya nyimbo na picha za kitabu hiki, kuuliza maulizo matatu: daftari zetu ni zipi? Nani aliziandika? Na tuzisome namna gani kusudi zisitudanganye?

I. ARSHIVI NI NINI

Watu wengi wanafikiri kwamba arshivi ni karatasi yoyote ya zamani. Sivyo. Arshivi ni maandiko yaliyozaliwa na kazi. Mutu alikuwa akifanya kazi yake, na kazi ile ikaacha karatasi nyuma: barua iliyotumwa, hesabu ya feza, orodha ya wafanyakazi, ripoti ya askari, kitabu cha wabatizwa. Mwenye kuandika kitabu cha historia anatufikiri sisi wasomaji. Mwenye kuandika arshivi hakutufikiri hata kidogo. Padri aliyeandika ubatizo wa mutoto alitaka tu ijulikane kwamba sakramenti imetolewa, isirudiliwe, na siku ya ndoa watu wajue nani ni nani. Karani wa reli alitaka kujua gunia ngapi zimepakiwa.

Hapo ndipo nguvu ya arshivi, na hapo ndipo uzaifu wake. Nguvu ni hii: mwandishi hakutaka kutupendeza, basi mara nyingi anatuambia kweli bila kujua. Uzaifu ni huu: aliandika tu kile ambacho kazi yake ilimulazimisha kuandika. Mengine yote aliyaacha.

Kwa hiyo anayetaka kuchunguza asikimbilie maneno. Aulize kwanza: Nani aliandika? Aliandika kwa kazi gani, na kwa kumwonyesha nani? Nini hakikuandikwa, na kwa sababu gani? Karatasi hii ilipita katika mikono gani hata kufika hapa? Mutu asiyeuliza hayo anaweza kusoma vizuri kila neno na kupotea katika maana.

Walinzi wa arshivi wana sheria moja kubwa: karatasi za ofisi moja zinabaki pamoja, katika utaratibu ule zilioachwa nao. Karatasi moja iliyotolewa kati ya wenzake ni kama mutoto aliyepotea sokoni: anajua jina lake, lakini hawezi kuonyesha nyumba yao. Yule anayechomoa barua yenye kumupendeza na kuipeleka nyumbani anadhani ameiokoa. Kweli ameifanya yatima.

II. VITABU VYA KANISA

Desturi yetu ya kuandika haikuanza jana, wala haikuzaliwa na wakoloni. Mutaguso wa Trento, katika mwaka 1563, uliagiza maparoko wawe na kitabu cha ndoa, na waandike wasimamizi katika kitabu cha ubatizo. Katika mwaka 1614 Kitabu cha Ibada cha Roma kilipanga vitabu vitano: cha wabatizwa, cha waliopata Kipaimara, cha ndoa, cha wafu, na kile kilichoitwa hali ya roho, ni kusema hesabu ya jamaa za Wakristu nyumba kwa nyumba. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, katika kanuni ya 470, zilikaza jambo hilo na kuagiza nakala ipelekwe kila mwaka kwa askofu. Sheria mpya za mwaka 1983, katika kanuni ya 535, zinaomba parokia iwe na vitabu vyake, na muhuri wake, na pahali pa kuvitunza. Zinaongeza kwamba vitabu vya zamani vilindwe kwa uangalifu.

Wamisionari Wafransisko wa Ubelgiji, ambao waliwekewa Prefektura ya Lulua katika mwaka 1922, walileta desturi hiyo katika inchi yetu. Kamina ilipofanywa diosezi, tarehe 10 Novemba 1959, pamoja na majimbo mengine ya Kanisa katika Kongo, vitabu viliendelea bila kukatika. Kolwezi ilipotengwa kuwa diosezi katika mwaka 1971, mipaka ilibadilika, lakini mistari ya wabatizwa ilibaki pale ilipoandikwa. Ni jambo la kukumbuka kwa yule anayetafuta jina la babu yake: asitafute pahali panapotawaliwa leo na askofu fulani, atafute pahali maji yalipomwagwa siku ile.

Mustari wa ubatizo ni mufupi: nambari, tarehe, jina, jina la baba na la mama, kijiji, musimamizi, jina la mwenye kubatiza. Lakini pembeni kuna nafasi tupu, na pale ndipo maisha yanakuja kuandikwa: Kipaimara, ndoa, upadri ao nadiri za utawa. Mustari mumoja unaweza kungoja miaka makumi matano hata neno la mwisho lifike. Ni karatasi chache zinazomufuata mutu hivi, kwa uvumilivu, toka utoto hata uzee.

III. KUSOMA MUSTARI MUMOJA

Sisi makatekista tunajua ambavyo wengine hawajui: kitabu kile kizuri chenye jalada gumu si maandiko ya kwanza. Maandiko ya kwanza ni daftari ya katekista. Yeye ndiye aliyekaa na wakatekumeni chini ya muti, akasikia majina kwa Kiluba, kwa Kilunda ao kwa Kisongye, akayaandika kadiri ya sikio lake. Kisha padri akanakili, naye alikuwa Muflamani, sikio lake lilifundishwa na luga nyingine. Ndiyo sababu Ngoy mumoja ni Ngoie pahali pengine, Mwamba ni Muamba, Kyungu ni Kiungu. Musomaji asiyejua hayo atahesabu watu watatu kumbe ni mumoja. Mwandishi wa kitabu ni padri. Mwandishi wa sikio ni katekista. Jina la padri liko mwisho wa kila mustari. Jina la katekista mara nyingi haliko.

Majina yenyewe yanasema. Kati ya Baluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha. Ukimuona Kyungu katika kitabu, utafute mwenzake karibu naye. Usipomuona, uliza: ni jina la kurizi, ama mwenzake alikufa mbele ya kubatizwa? Ulizo hilo dogo linaweza kukufikisha kwa mama aliyelia, ambaye hakuna ripoti yoyote iliyomutaja.

Sheria za dunia zinaingia vilevile katika kitabu. Katika mwaka 1972 Serikali ya Zaïre ilikataza majina ya Kikristu ya kigeni, na padri ambaye angembatiza mutoto kwa jina la namna hiyo alitishwa kifungo cha miaka mitano. Mutu atakayefungua vitabu vya miaka ile na kuona watakatifu wametoweka, asiseme imani ilipunguka. Imani ilikuwa pale pale. Jina ndilo lililofichwa. Wengine walibeba jina moja kwa karatasi na jingine nyumbani, na hata leo wanahangaika kuonyesha kwamba watu wawili hao ni mutu mumoja.

Inchi nayo ilibadilisha majina. Tufikiri mutu aliyezaliwa hapa katika mwaka 1958, asitoke hapa hata siku moja. Alibatizwa katika Kongo ya Wabelgiji, chini ya vikarieti. Alipata Kipaimara katika mwaka 1969, katika République Démocratique du Congo, diosezi ya Kamina. Alifunga ndoa katika mwaka 1979, katika Zaïre, jimbo la Shaba. Alioza binti yake katika mwaka 1999, katika Kongo tena, jimbo la Katanga. Akazikwa katika mwaka 2016 katika jimbo la Haut-Lomami. Karatasi tano, majina ya inchi karibu matano, na miguu yake haikusogea. Mugeni anayesoma karatasi hizo anadhani ni musafiri mukubwa. Kumbe inchi ndiyo iliyosafiri juu yake.

IV. BASE NA KARATASI ZAKE ZILIZOTAWANYIKA

Base yetu ina hali ya pekee. Kamina yenyewe ilikuzwa na reli: njia ya BCK ilifika Port-Francqui, ni kusema Ilebo ya leo, katika mwaka 1928, na katika mwaka 1956 njia ya Kabalo iliunganishwa nayo. Lakini Base ilizaliwa na jeshi. Baada ya vita vya 1940-1945 Ubelgiji ulijenga hapa uwanja mukubwa wa ndege, na katika miaka ya 1950 pakawa masomo ya marubani. Mukataba wa urafiki wa tarehe 29 Juni 1960 ulitaka Base ibaki mikononi mwa Wabelgiji. Maasi ya Julai yalivunja yote, na katika miezi ile askari wa ONU wakashika pahali pao. Toka hapa, mwisho wa Desemba 1962, Waswidi wa ONU walikwenda kuteka muji wa Kamina. Hapa, katika Novemba 1964, walitua askari wa miavuli wa Ubelgiji, na siku mbili baadaye wakarushwa Stanleyville, Kisangani ya leo. Hapa walipita tena katika Mei 1978, wakielekea Kolwezi.

Kila mumoja wao aliandika, na kila mumoja alichukua karatasi zake. Maandiko mengi ya utawala wa koloni yalisafirishwa Ubelgiji mbele ya uhuru wa 1960; yalikaa muda murefu katika ministeri ya mambo ya inje, na katika miaka ya karibuni yalianza kuhamishwa kwa Arshivi za Dola. Ya jeshi lao yako Brussels. Ya ONU, ya miaka 1960 hata 1964, yako New York. Ya Waswidi yako Stockholm. Ya Wafransisko wenyewe yanatunzwa Leuven, katika nyumba ya KADOC iliyoanzishwa katika mwaka 1976. Mwanafunzi wa Base anayetaka kuandika juu ya kijiji cha babu yake anapaswa kwenda kuomba ruhusa katika miji mine ya Wazungu, na bei ya ndege inapita mushahara wa baba yake.

Na akifika, atakuta nini? Atakuta mambo mengi ya kweli: ndege, mafuta, urefu wa njia ya kuruka, hali ya mawingu, amri na majibu ya amri. Maana wale walioandika walikuwa wakubwa wa askari, na wakubwa wao waliuliza mambo hayo. Muashi aliyepiga matofali, mupishi aliyelisha marubani, mama aliyeuza muhogo penye kizuizi, hao mara nyingi ni hesabu tu: wafanyakazi kadiri fulani. Hawakudharauliwa katika kila karatasi kwa makusudi, hawakuulizwa tu.

Basi tuone bei ya kitabu chetu. Katika maandiko yote yaliyozaliwa na Base, kitabu cha parokia ni kati ya machache yaliyobaki hapa hapa, na ni kati ya machache yanayomwita muashi kwa jina, na muke wake kwa jina, na kijiji walichotoka. Anayehesabu vijiji hivyo mwaka kwa mwaka ataona kwa macho watu walivyokuja: wa mashamba ya jirani, wa Kasai waliofuata reli, wa mbali zaidi. Anayehesabu kitabu cha wafu ataona miezi mibaya. Ni historia ambayo Brussels na New York haziwezi kumupa.

V. WASIOANDIKWA

Katika seminari ndogo tulijifunza neno la wanasheria la Kilatini: Quod non est in actis, non est in mundo. Maana yake: kile kisichokuwa katika maandiko hakiko duniani. Kwa mwamuzi ni sheria nzuri, maana inamukataza kuhukumu kwa maneno ya barabarani. Kwa mwenye kuchunguza historia ni mutego. Wazee wetu walikuwa duniani.

Tunao mufano mukubwa katika Katanga yetu. Katika mwaka 1965 André Yav aliandika habari ya muji wa Elisabethville kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga, si kwa Kifransa. Boyi, ambaye katika karatasi za bwana wake alikuwa mukono wa kuleta chai tu, akashika kalamu na kuwaelezea mabwana. Maandiko hayo madogo yalichapwa kwa wachunguzi wa dunia na Johannes Fabian katika mwaka 1990, na leo ni kati ya maandiko yanayotajwa sana juu ya inchi yetu. Hakuwa na cheo. Alikuwa na kumbukumbu, na aliandika.

Padri Placide Tempels, Mufransisko aliyefanya kazi katika sehemu zetu toka 1933 na kuanzisha Jamaa, alitoa katika mwaka 1945 kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu. Tunamushukuru. Lakini tukisoma kwa kanuni tulizotaja, tuulize pia: nani alimwambia? Sauti inayosikika pale ni ya padri. Sauti za wazee wa Kiluba waliomufungulia mioyo zinapita chini chini, kama maji chini ya muchanga. Mwenye kiu anapaswa kuchimba.

Kuchimba kwenyewe ni kuuliza wazee, lakini kwa utaratibu. Jan Vansina, Mubelgiji aliyefanya uchunguzi kati ya Wakuba wa Kasai, alionyesha katika mwaka 1961 kwamba neno la kinywa linaweza kuchunguzwa kama karatasi: nani anasema, alisikia kwa nani, alikuwa pale yeye mwenyewe, anapata faida gani akisema hivyo. Muzee anaweza kusahau mwaka, asisahau mvua ya siku ile. Kitabu kinakumbuka tarehe na hakijui mvua. Mumoja anamusahihisha mwenzake, na kati yao wawili kweli inasimama vizuri zaidi.

VI. KUTUMIA KWA HAKI

Vitabu hivi si vya wanafunzi wa yunivasiti peke yao. Watoto wengi hawakuandikwa katika ofisi ya Serikali. Kwa mutu wa namna hiyo karatasi ya ubatizo inaweza kuwa ushuhuda pekee wa umri wake. Mujane anayedai haki ya marehemu anakuja kutafuta tarehe ya ndoa. Kijana anayetaka kuoa analetewa alama ya pembeni inayoonyesha kwamba yuko huru. Kitabu kikipotea, si historia tu inayopotea. Ni mukate wa watu.

Lakini kwa sababu kitabu kinasema kweli, kinaweza pia kuumiza. Kanuni ya 877 inapima kwa uangalifu ginsi ya kuandika mutoto ambaye wazazi wake hawakufunga ndoa: jina la mama haliwekwi bila uzazi wake kujulikana wazi ao yeye mwenyewe kuomba, wala jina la baba bila ushuhuda ao tamko lake. Sheria hiyo ilitungwa kusudi mutoto asibebe aibu. Basi mutu asifungue kitabu kwa kutafuta masengenyo ao silaha ya kugombania shamba. Paroko ndiye mulinzi wake. Anayetaka kuchunguza aombe, aeleze kazi yake, asome mezani mbele ya mutu, asichukue kitabu nyumbani. Hata Roma ilifanya kwa kipimo: Papa Leo XIII aliwafungulia wachunguzi arshivi za Vatikano katika mwaka 1881, na maandiko ya wakati wa Papa Pio XII yalifunguliwa katika Machi 2020. Kufungua kwa wakati wake si kuficha. Ni kuheshimu.

VII. KAZI INAYOBAKI

Katika mwaka 1997 Roma iliandikia maaskofu barua juu ya kazi ya kichungaji ya arshivi za Kanisa. Neno lile, kichungaji, linatosha kutufundisha. Kulinda vitabu ni kuchunga watu. Na kazi hiyo haiombi feza nyingi.

Vitabu visiwekwe chini wala kuegeshwa kwa ukuta. Viwekwe juu ya mbao, pahali pakavu penye hewa, na mutu avitazame kila juma, hasa wakati wa mvua. Ukurasa uliopasuka usibandikwe na utepe wa plastiki, maana gundi yake inakula karatasi. Kosa lisifutwe, lipigwe mustari mumoja, neno la kweli liandikwe juu, na tarehe. Katekista aandike jina lake katika daftari yake, na daftari ikiisha isitupwe. Picha za simu ni musaada mukubwa, lakini picha zisizopangwa kwa kitabu, kwa ukurasa na kwa mwaka ni kama majani yaliyoanguka. Zipangwe, na nakala itunzwe pengine.

Na ninyi jamaa muna kazi yenu. Katika masanduku yenu kuna vitabu vidogo vya kazi, barua, kadi za ubatizo, picha za ndoa zilizochukuliwa mbele ya kanisa. Hatuombi muzitoe. Tunaomba muzilete kusudi zinakiliwe na kurudishwa. Nyuma ya kila picha andikeni, kwa kalamu ya risasi na bila kugandamiza, nani ni nani, pahali gani, mwaka gani. Picha bila majina, wajukuu wenu wataitazama kama picha ya wageni.

Wajukuu hao watafanya Yubile yao. Watauliza juu yetu kama sisi tunavyouliza leo juu ya waashi na wapishi wa Base. Karatasi zitakazowajibu ni zile tunazoandika sisi Jumapili hii, kwa haraka ao kwa uangalifu. Tuandike kwa uangalifu: jina kamili, kijiji, mama, baba. Mungu anawajua watu wake bila daftari. Sisi tunaihitaji.